Mkia wa dinosaria kwa pointi saba

Jumamosi iliyopita, kwenye mchezo wa mezani, binamu yangu alinunua mkia kwa pointi saba. Mkia wa dinosaria, wa kadibodi, mdogo kuliko biskuti. Nilimwona akirudisha kete yake nyuma kwenye msitari wa pointi huku anachekelea, nikajua huyu usiku wa leo ameshatoka.

Mchezo wenyewe unaitwa Evo. Aliubuni Mbelgiji Philippe Keyaerts, yule yule aliyekuja kutoa mchezo mwingine, Small World, na ulitoka mwaka 2001. Mnacheza watatu hadi watano. Kila mtu ana ukoo wake wa dinosaria, na wote mnagombea kisiwa kimoja ambacho hali yake ya hewa haitulii. Kimondo kiko njiani na hakuna wa kukizuia. Mnachoshindania ni nani atakuwa amevuna zaidi kabla hakijatua.

Dinosaria wako anaanza maskini: mguu, yai, mkia, manyoya kidogo, mwavuli. Ndiyo, mwavuli. Idadi ya miguu inaamua utasogea mara ngapi, mayai yanaamua watazaliwa wangapi, mwenye mkia mrefu anatangulia kucheza, manyoya ni ya baridi na mwavuli ni wa jua. Pembe ni za ugomvi. Kwenye eneo la joto wanapona kwa idadi ya miavuli uliyonayo, basi. Kwenye joto la kupindukia wanakufa wote, hata ungekuwa na miavuli mitano.

Ukitaka kiungo cha ziada, unakinunua mnadani, na hapo ndipo nilipoupendea mchezo huu. Kila mzunguko, kila dinosaria aliye hai anakupa pointi moja. Pointi hizo ndizo zitakazohesabiwa mwisho kumpata mshindi, na hizo hizo ndizo hela yako ya mnada. Huna mfuko mwingine. Kila ukipandisha dau unakula ushindi wako mwenyewe, na aliyezidiwa dau itabidi aweke upya, kwa hiyo meza nzima inabaki inasukumana.

Sasa turudi kwa binamu. Alikuwa na dinosaria watatu. Maana yake pointi tatu kwa mzunguko, kwa hiyo ule mkia ulimla zaidi ya mizunguko miwili ya ukoo mzima. Ili mkia huo uzirudishe pointi saba, ungebidi umwokolee binamu dinosaria mmoja ambaye vinginevyo angekufa, amlishe pointi mizunguko saba mfululizo. Na kimondo kilikuwa kimebakiza hatua chache. Kwa nini alipanda hadi pale? Kwa sababu mdogo wake alikuwa anautaka.

Michezo mingi ya kunusurika niliyowahi kucheza inakuua kwa karata. Unavuta, linatoka janga, umekufa, unakaa pembeni unakula karanga wenzako wakiendelea. Hapo sioni cha kujivunia wala cha kujilaumu. Evo inaniua kwa bei niliyoitaja kwa mdomo wangu, na kwangu huko ndiko kunusurika kwenyewe: kujua kitu hiki kina thamani gani kwangu leo, wala si kwa jirani.

Aliyetufundisha hilo ni shangazi. Yeye amenunua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, miaka na miaka, alfajiri, katikati ya makelele ya madalali, na kanuni yake ni kwamba bei unakwenda nayo toka nyumbani. Tulimweka mezani kwa utani. Dau likivuka namba yake anaachia, hageuki kuangalia, anachukua kiungo ambacho hakuna anayekigombea. Nilipokuwa nahangaika na pembe akaniuliza, "Mwanangu, pembe za nini? Unapigana na nani?" Sikuwa na jibu, nikazinunua hivyo hivyo.

Kasoro zipo. Mapigano yanaamuliwa kwa dadu, na dadu halina adabu. Mkicheza watatu mnada unapoa, kila mtu anapata anachotaka kwa bei ya bure. Mimi chini ya wanne siufungui. Wapo wanaolalamika kwamba hata hali ya hewa ni bahati tu. Hapo siwaungi mkono. Mara nyingi inasogea hatua moja kuelekea kule kule, unaiona inavyokuja, una muda wa kuhama au kununua manyoya. Kuna siku inakaa ilipo au inarudi nyuma, kweli, lakini mkulima gani hajawahi kudanganywa na masika?

Binamu alitumia mkia wake vizuri, nisimnyime haki. Mzunguko uliofuata alitangulia, akawapeleka wote watatu kwenye tambarare nzuri kabla yetu. Mzunguko wa pili dadu likageuza hali ya hewa, tambarare ikaingia kwenye baridi, naye alikuwa na manyoya moja. Akabakiwa na dinosaria mmoja mwenye mkia mrefu kuliko wote kisiwani. Shangazi alishinda kwa pointi kumi na moja, akauliza kama Jumamosi ijayo tutacheza tena au tutamwachia alale.