Soma Kwanza Mashine Inasema Nini

Mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja, zinapokataa kuwaka kwenye seva mpya, mafundi wengi ninaofanya nao kazi Kisumu, Kakamega na Nakuru hukimbilia dawa moja: hufuta diski, husakinisha mfumo upya, hurudisha nakala rudufu, kisha hujaribu tena. Ninaandika kupinga desturi hiyo, kwa sababu nimeiona ikila usiku mzima wa kazi bila kugusa chanzo cha tatizo, na kwa sababu kila usakinishaji mpya hufuta rekodi ambazo zingemwonyesha fundi mahali pa kutazama. Mashine pepe inapokataa kuwaka, karibu kila mara huacha mstari mmoja au miwili ya maelezo, na mstari huo unastahili kusomwa polepole, neno kwa neno, kabla mkono haujagusa kitu kingine chochote.

Jumamosi moja jioni niliitwa na chama cha akiba na mikopo hapa Kisumu ambacho kilikuwa kimenunua seva ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Juu ya seva hiyo kulipaswa kuwaka mashine pepe tatu: moja ya hifadhidata ya akaunti za wanachama, moja ya mafaili ya ofisi, na moja ya Windows iliyobeba programu ya mishahara. Hakuna hata moja iliyowaka. Kijana aliyepewa kazi hiyo, mwenye bidii na mwenye kujua Linux vizuri, alikuwa ameshasakinisha Proxmox, mfumo unaobeba mashine pepe, mara mbili tangu asubuhi.

"Mwalimu, nimerudia kila kitu tangu mwanzo na bado," aliniambia.

"Mara ya kwanza ilikuambia nini?"

"Iliandika kosa, lakini sikulinakili. Nilidhani nimeharibu kitu wakati wa kusakinisha."

Tuliwasha mashine ya kwanza tena na kusoma pamoja. Ujumbe ulieleza kwamba mashine imepangwa kutumia KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) lakini KVM haipatikani, kwa hiyo ama tuizime katika mipangilio ya mashine hiyo pepe, ama tuiwashe katika BIOS, programu ya msingi inayoiamsha seva kabla ya mfumo wowote. Jibu lilikuwa limeandikwa pale tangu saa tatu asubuhi. Kusakinisha upya hakungeweza kusaidia hata kama angerudia mara kumi, kwa kuwa BIOS hukaa kwenye ubao mkuu wa seva, chini kabisa ya diski aliyokuwa akiifuta.

Afadhali nieleze KVM inategemea nini, maana hapa ndipo wengi hupotea. Vichakataji vya Intel vilianza kupata VT-x, yaani uwezo wa kuendesha mashine pepe moja kwa moja kwenye maunzi, mwaka 2005, na vile vya AMD vikafuata mwaka 2006 na AMD-V, ambayo katika BIOS nyingi huitwa SVM. KVM iliingizwa katika kerneli, yaani kiini, ya Linux toleo 2.6.20, mwezi wa Februari 2007, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya uwezo huo. Baadhi ya seva hutoka kiwandani, au hurudi kutoka kwa mmiliki wa kwanza, uwezo huo ukiwa umezimwa. Kichakataji kinao, lakini BIOS imekifungia. Fundi akitafuta neno vmx au svm ndani ya /proc/cpuinfo anaweza kudanganyika, kwa sababu kerneli za zamani huonyesha neno hilo hata kama BIOS imefunga mlango. Mimi hutazama kama faili /dev/kvm ipo. Isipokuwepo, huzima seva na kuingia katika BIOS kabla sijafikiria jambo jingine.

Ujumbe ule ulikuwa na mtego wake pia, kwani ulitaja njia ya pili: kuizima KVM katika mipangilio ya mashine pepe. Ukifanya hivyo mashine itawaka, na ofisi itafurahi kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo kila amri ya kichakataji itakuwa inaigizwa na programu, na hifadhidata ambayo ilijibu papo hapo itawaacha wanachama wakisubiri kwenye foleni. Nimekuta ofisi iliyoishi hivyo kwa miezi, ikiamini kwamba imeuziwa seva mbovu. Kwa maoni yangu, fundi anayechagua njia hiyo bila kumweleza mteja amemkosea.

Tulipowasha VT-x, mashine mbili zilisimama mara moja. Ya Windows ilionyesha skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na kijana akanyoosha mkono kutaka kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu. Nilimzuia. Maneno hayo yanamaanisha kwamba Windows imeanza kuamka lakini haioni diski yake, na sababu ilikuwa wazi: kwenye seva ya zamani diski ilikuwa imeunganishwa kwa mtindo wa SATA, na yeye, kwa nia njema ya kuongeza kasi, aliiunganisha kwa VirtIO, mtindo wa kasi uliobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, ambao Windows haina draiva yake (programu ya kukitambua kifaa) mpaka uiwekee. Tuliirudisha kwenye SATA, ikawaka. Kisha tukaongeza diski ndogo ya pili ya VirtIO ndani ya mashine hiyo, Windows ikaiona kama kifaa kipya, tukasakinisha draiva, tukazima, tukahamisha diski kuu. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko ambavyo kunakili nakala rudufu kungechukua.

Mambo mengine ya aina hii ni madogo mno kiasi kwamba huona haya kuyaandika, lakini nimeyakuta yakizuia kazi za watu wazima. Mashine pepe inaweza kukataa kuwaka kwa sababu tu mipangilio yake bado inataja faili ya ISO (nakala ya diski ya kusakinishia) iliyobaki kwenye seva ya zamani, au inatafuta daraja la mtandao liitwalo vmbr1 wakati seva mpya ina vmbr0 pekee. Yote mawili husemwa waziwazi katika ujumbe wa kosa, na yote mawili hurekebishwa kwa dakika moja.

Jambo ambalo halisemwi waziwazi vya kutosha ni umri wa kichakataji. Huku kwetu "seva mpya" mara nyingi ni mpya kwetu tu. Imefanya kazi miaka kadhaa Ulaya au Marekani kabla ya kufika. Inawezekana kabisa seva mpya ikawa na kichakataji cha kizazi cha nyuma kuliko ile inayostaafishwa, hasa ikiwa mnunuzi aliangalia wingi wa kumbukumbu na idadi ya diski peke yake. Maagizo ya AVX2, kwa mfano, yaani amri za ziada za hesabu ndani ya kichakataji, yalikuja na vichakataji vya Intel vya Haswell mwaka 2013; katika familia ya Xeon E5-2600, toleo la v2 halina, toleo la v3 linayo. Mashine pepe iliyopangwa kwa kiwango cha uwezo wa kichakataji kiitwacho x86-64-v3, ambacho hudai AVX2, itakataliwa kwenye seva yenye Xeon ya v2, na hakuna usakinishaji utakaoongeza maagizo ambayo hayakuchongwa kwenye silikoni. Kosa la upande wa pili pia lipo: seva ina nguvu zote, lakini mashine pepe imepewa kichakataji cha aina ya kvm64, nacho huficha uwezo huo, kisha mifumo kama Red Hat Enterprise Linux 9 na jamaa zake, inayodai angalau kiwango cha x86-64-v2, hufia mwanzoni kabisa mwa kuwaka. Hapo hubadilishi seva wala mfumo. Unabadilisha neno moja katika mipangilio ya mashine pepe.

Kwa hiyo swali ninalowasihi wenzangu wajiulize ni hili: mashine hii pepe ilikuwa ikipata nini kwenye seva ya zamani ambacho hii mpya haijaipa? Diski, daraja, aina ya kichakataji, kumbukumbu, namna ya kuwaka kwa BIOS au kwa UEFI, mrithi wake. Ujumbe wa kosa hutaja kimoja kati ya hivyo, na mipangilio ya seva ya zamani hutaja vyote. Ndiyo maana sikubali seva ya zamani ifutwe au iuzwe wiki ileile mpya inapofika. Chama kile kiliokolewa na jambo hilo hasa, kwani baada ya usakinishaji mara mbili mipangilio yote iliyokuwa imeandikwa kwenye seva mpya ilikuwa imetoweka, na tulilazimika kuwasha ya zamani na kunakili kutoka kwake.

Habari ya chama kile haikuishia Jumamosi ile. Wiki tatu baadaye umeme ulikatika mwishoni mwa juma, betri ya UPS ikaisha, na Jumatatu asubuhi hakuna mashine iliyowaka. Kijana alinipigia simu, na safari hii alianza kwa kunisomea ujumbe: KVM haipatikani. Aliongeza, bila mimi kuuliza, kwamba tarehe ya seva ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Hapo nilijua. Ndani ya seva kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na, katika mashine nyingi za zamani, mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme kabisa. Betri hiyo ilikuwa imekufa, pengine tangu seva ilipokuwa ghalani ikisubiri kusafirishwa. Wiki zile tatu umeme haukuwahi kukosekana kwa muda wa kuimaliza UPS, kwa hiyo hakuna aliyejua. Ulipokosekana, BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani na VT-x ikazimika tena.

Alinunua betri kwa fundi wa saa karibu na soko la Kibuye, akaiweka, akarekebisha tarehe, akaingia katika BIOS na kuwasha VT-x. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwelekeza: akaizima seva, akachomoa nyaya zote za umeme, akasubiri dakika kumi na tano saa yake mkononi, akazirudisha. Mashine zote tatu ziliwaka, ile ya hifadhidata ikitangulia.