Betri ya Gari Haijamaliza Kazi Yake

Mtu aliyefunga paneli za sola juu ya paa kwa mara ya kwanza hushangaa sana siku umeme wa gridi unapokatika saa saba mchana na nyumba yake nayo ikazimika, ilhali jua linawaka na paneli zote ni nzima. Hakuna kilichoharibika. Inveta nyingi, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, zikiwa zimeunganishwa na gridi hujizima zenyewe mara gridi inapokosa umeme, ili zisirudishe umeme kwenye nyaya ambazo fundi amepanda nguzo kuzitengeneza akiamini hazina kitu. Utaratibu huo unaokoa maisha na sina neno nao. Lakini unamfundisha mwenye nyumba jambo ambalo angepaswa kuelezwa kabla ya kununua: bila betri, na bila swichi ya kuitenga nyumba na gridi, sola ya namna hiyo haimsaidii katika saa ile ile anayoihitaji.

Betri ndiyo inayowashinda wengi. Kwa muda sasa nimeshikilia kwamba betri za magari ya umeme, hasa zile zilizokwisha kutolewa garini, ni akiba ya nyumbani tunayoiacha ipotee, na kwamba kinachotuzuia zaidi si kemia yake wala umri wake, bali ni kufichwa kwa taarifa zake.

Tuanze na hesabu. Gari la umeme la Nissan Leaf la kwanza, lililoingia sokoni Desemba 2010, lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Kwa kawaida betri ya gari huhesabiwa kuwa imechoka inapobakiwa na asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake wa awali, kwa sababu safari zimekuwa fupi mno kwa dereva. Asilimia 70 ya 24 ni karibu kilowati-saa 17. Tesla Powerwall 2, betri iliyoundwa mahususi kwa ajili ya nyumba, ikiwa mpya kabisa ina 13.5. Sasa tazama upande wa matumizi: friji ya kawaida hula takriban kilowati-saa moja kwa siku, na taa kumi za LED za wati tisa zikiwaka saa tano hazifiki nusu ya hiyo. Betri ambayo garini inaitwa imekufa inaweza kuibeba nyumba ya matumizi ya kiasi usiku kucha, ikaivusha na siku nzima ya mawingu, na bado ikabaki na kitu.

Tena nyumba haiitesi betri. Mota ya Leaf hiyo ilikuwa ya kilowati 80, maana yake dereva akikanyaga pedali mpaka chini anaiomba betri nguvu ambayo ingeikausha ndani ya dakika 18 hivi. Nyumba yenye friji, taa, feni na kompyuta mara nyingi haifiki kilowati moja. Betri iliyochoka kwa kazi ya barabarani, kazi hii ya polepole inaimudu, mradi isikae mahali pa joto kali na isiachwe imejaa pomoni siku hadi siku.

Wapo wanaosema hakuna haja ya kungoja betri izeeke, kwa kuwa gari lenyewe linaweza kuilisha nyumba likiwa limeegeshwa. Wana haki. Japani ilionyesha njia baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 2011, pale mwaka 2012 Nissan ilipoanza kuuza kifaa cha kuilisha nyumba kutoka kwenye Leaf kwa nguvu ya hadi kilowati 6. Ford F-150 Lightning, pikapu ya umeme iliyotoka 2022, ina toleo lenye betri ya kilowati-saa 131, na mwenye nyumba akiifungia vifaa vinavyotakiwa anaweza kukaa siku kadhaa bila gridi. Naiheshimu njia hii, kwa sababu betri haifunguliwi na kompyuta ya gari inaendelea kuilinda. Lakini inahitaji chaja inayopeleka umeme pande zote mbili, magari mengi hayajaundwa kwa ajili hiyo, na gari likiwa safarini nyumba inabaki mikono mitupu. Kwa hiyo moyo wangu uko kwenye ile betri iliyostaafu, isiyokwenda popote.

Na hapo ndipo penye shida. Nilipochukua moduli zangu za kwanza zilizotumika, yaani vifurushi vidogo vya seli vinavyounda betri, saba kutoka katika betri moja, maelezo yote niliyopewa yalikuwa maneno mawili: nzima hizi. Ndani ya kila moduli mlikuwa na jozi mbili za seli zilizofuatana, kwa hiyo jumla ya jozi 14. Nilizisawazisha zote volti, nikaziacha juma zima bila kuzigusa, kisha nikazipima moja moja. Jozi 13 zilisoma volti 3.81 au 3.82. Moja ilisoma 3.61. Kwa macho huwezi kuitofautisha na wenzake: ganda lile lile la alumini, lisilovimba, lisilo na hata doa la kutu kwenye vichwa vya nyaya. Ilikuwa inavuja chaji ndani kwa ndani, na hakuna aliyejua, au aliyejua hakusema.

Seli moja ya namna hiyo si jambo dogo. Seli zilizounganishwa mfululizo hupitisha mkondo mmoja, kwa hiyo iliyo dhaifu huishiwa mapema na mfumo wa kusimamia betri hulazimika kukata umeme wakati zile nyingine bado zina akiba tele. Mfumo huo ukikosekana, au ukifungwa wa hovyo, seli dhaifu inaendelea kunyonywa mpaka chini ya kiwango chake salama, na ikichajiwa tena baada ya hapo inaweza kupata hitilafu ya ndani inayoishia kwenye moto. Ndiyo maana nasema habari za betri ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la biashara.

Kinachoniuma ni kwamba habari hizo zipo. Ndani ya betri ya gari mna kompyuta iliyofuatilia volti za seli na joto lake miaka yote ya utumishi wake. Lakini betri ikishatolewa, kompyuta hiyo mara nyingi hainyanyui sauti mpaka isikie ujumbe ambao gari pekee linaujua, na swichi kuu za ndani hazifungi bila ujumbe huo. Fundi anayetaka kuitumia nyumbani anabaki na njia mbili: kutafuta kifaa cha kuiga lugha ya gari, au kuipasua betri, kuitupa kompyuta na kuanza upya na seli zisizo na historia. Watengenezaji hutetea ukimya huu kwa jina la usalama. Siafikiani nao, kwa sababu ukimya huo ndio unaowasukuma watu kushika spana na kufungua kitu chenye volti 350 hadi 400 za mkondo mnyoofu (DC), umeme wa betri unaokwenda upande mmoja tu.

Niseme wazi kuhusu volti hizo, maana nimeona watu wakizizoea. Mkondo geu (AC), ule wa gridi, wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika swichi inapofunguka. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri, na cheche yake huendelea kuwaka hewani. Swichi au fyuzi ya mkondo geu isiyoandikwa kwamba inahimili mkondo mnyoofu wa volti hizo haifai kabisa. Asiye fundi aliyesomea kazi hii asiifungue betri nzima. Na moduli zikishapangwa upya katika volti 48 hivi, zikae nje ya nyumba ya kulala, kwenye kasha lisiloshika moto, mbali na ngazi na mlango wa kutokea.

Kosa jingine hutokea kwenye inveta. Seli za nikeli na kobalti hujaa kwenye volti 4.2, na zile za chuma na fosfeti kwenye 3.65. Ukipanga 14 za aina ya kwanza mfululizo unafika volti 58.8, na 16 za aina ya pili zinafika 58.4, namba zinazokaribiana kiasi cha kumpoteza mtu. Zikifungwa 14 za fosfeti huku inveta ikiwa imewekwa kuchaji hadi volti 58.8 za nikeli, kila seli inasukumwa hadi 4.2, mbali sana kupita kikomo chake. Aina ya kemia inapaswa kuandikwa kwenye ganda kwa herufi ambazo hata fundi mwenye haraka hawezi kuzikosa.

Umoja wa Ulaya umepiga hatua ninayoiunga mkono kwa dhati. Sheria yake ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zinazoingia soko lake ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya taarifa za betri, na inatambua haki ya mnunuzi kupata taarifa za afya ya betri ili iweze kutumiwa upya. Sioni kwa nini haki hiyo iishie kwenye mipaka ya soko moja, wakati magari yenyewe huuzwa na kuuzwa tena duniani kote.

Wanaotaka betri ziende moja kwa moja kuyeyushwa ili madini yake yapatikane, nawajibu kwamba kobalti na nikeli haviyeyuki vikiwa kazini. Vitakuwamo humo humo miaka kumi baadaye. Uwanja wa Johan Cruijff Arena wa Amsterdam ulifungiwa mwaka 2018 akiba ya megawati 3 yenye betri sawa na za Leaf 148, baadhi zikiwa zimekwisha kutumika garini, na hakuna madini yaliyopotea kwa hilo.

Kwangu jozi ile ya volti 3.61 niliitoa pamoja na moduli yake. Kila moduli iliyobaki, na ile niliyoijazia pengo, ina karatasi niliyoibandika mwenyewe: tarehe, volti baada ya juma la mapumziko, uwezo niliopima. Karatasi hizo zinaanzia siku nilipozipokea moduli. Miaka ya kabla ya hapo imo kwenye kompyuta iliyobaki ndani ya ganda la betri, na sijaweza kuisoma.