Kama Huji, Sema Mapema

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja katika chama changu cha World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni, aliandika Jumanne mchana kwamba kesho yake angechelewa dakika kumi, kwa sababu zamu ya kumrudisha binti yake kutoka mazoezi ya kuogelea ilikuwa yake. Kiongozi wa reidi, yaani pambano la pamoja dhidi ya mabosi, maadui wakubwa wanaodondosha silaha na vitu vingine wakiuawa, akamshukuru, akabadilisha orodha, akaniingiza mimi niliyekuwa akiba kwa bosi wa kwanza, na Jumatano saa 2 kamili usiku tukaanza. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyepiga simu, na hakuna aliyekaa kwenye maiki akiuliza fulani yuko wapi. Nilifurahi kwa kiasi ambacho wenzangu hapa Groningen, Uholanzi, wasingeweza kukielewa, lakini wewe uliyewahi kuwa kwenye klani, yaani kikosi, ya Free Fire, mchezo wa kupigana risasi kwenye simu, kule nyumbani Tanzania umeshanielewa.

Reidi za kiwango cha juu kabisa, kiitwacho Mythic, zimepangwa kwa watu 20, na kila mmoja ana kazi yake. Wawili huwa tanki, yaani husimama mbele ya bosi na kupokea kipigo, wachache ni waponyaji, waliobaki hushambulia. Seva za Ulaya huanza wiki mpya kila Jumatano, na bosi mliyekwisha kumwua hawapi kitu kingine mpaka Jumatano inayofuata, kwa hiyo usiku ukipotea haurudi. Tanki mmoja asipotokea, watu 19 waliokula mapema, wakalaza watoto na kuwaomba radhi wake na waume zao, hubaki wamekaa tu. Ndiyo maana sheria za chama chetu zinatilia mkazo muda wa mtu mwingine kuliko jambo lolote jingine. Unatakiwa uje na dawa na chakula chako cha mchezoni, silaha zako ziwe zimetengenezwa, uwe umeshajua bosi anapiganwaje, na mapambano yakianza asikike kiongozi peke yake. Ukiona umedhulumiwa katika mgawo wa vitu, unamfuata kiongozi faraghani baada ya reidi, hubishani mbele ya watu. Juu ya hayo yote, kama huji, unasema mapema, wala huulizwi sababu.

Mgawo wenyewe umejengwa juu ya hilo. Vyama vingi vilirithi mfumo wa pointi uliozaliwa katika EverQuest, mchezo uliotoka mwaka 1999: unapata pointi kwa kuhudhuria, kisha unazitumia siku upanga au ngao unayoitaka inapopatikana. World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, watu 40 waliingia pamoja Molten Core, reidi ya enzi hizo, na kila bosi alidondosha vitu vichache tu, na bila utaratibu unaokubalika ugomvi wa vitu hivyo ulitosha kuvunja chama. Kwetu, aliyeaga mapema hapunguziwi chochote, aliyepotea kimya anapunguziwa, na sijawahi kusikia mtu akiuita utaratibu huo ukali.

Sasa turudi nyumbani. Bado nimo katika klani ya vijana wa Tanga na Dar es Salaam, na ninaipenda kuliko chama chochote nitakachojiunga nacho Ulaya, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Usiku mmoja wa Jumamosi tulipangiwa mechi ya Clash Squad na klani ya Mombasa, wanne kwa wanne. Watatu tuliingia mapema, na wa nne alikuwa amethibitisha tangu asubuhi. Muda ulipofika tukamwita kwenye kundi, kimya. Tukampigia, simu ikawa inaita bila kupokelewa. Kisha mmoja wetu akafungua WhatsApp akakuta ametoka kuweka picha kwenye stetasi yake muda huohuo: meza ya plastiki, sahani ya chipsi mayai ikitoa mvuke, na bega la rafiki yake pembeni. Wenzetu wa Mombasa walitusubiri kwa ustaarabu mkubwa, wakatuongezea muda, hatimaye tukacheza watatu kwa wanne na tukafungwa. Kesho yake mtu wetu aliingia kundini na salamu za asubuhi zenye picha ya maua, na viongozi wakaitikia salamu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kufungwa hakunikasirishi. Kinachonikera ni ule ukimya, na jinsi sisi sote tulivyouzoea mpaka hatuuoni tena kuwa kosa. Angeandika jioni ile kwamba anatoka na rafiki yake, tungemwita mwingine, kwani walikuwapo vijana wawili wa akiba ambao wangeshukuru sana kupata nafasi, na mmoja wao ana shabaha kuliko yeyote katika klani yetu.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeshayapata. La kwanza ni kwamba nimekaa Uholanzi ambako umeme haukatiki na intaneti ya nyumbani inalipiwa kwa mwezi, halafu ninawasomesha watu wanaocheza kwa bando la siku. Ndugu yangu, mimi nimekulia Makorora, Tanga. Siwezi kumlaumu mtu kwa Luku iliyoisha katikati ya mechi, wala kwa mgao, wala kwa simu inayopata moto hadi inajizima yenyewe. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, klani nzima ilivurugika na hakuna aliyeulizwa swali, kwa kuwa hapakuwa na la kuuliza. Ninawapa heko za dhati vijana wanaocheza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, huku pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ikipanda na kushuka, na bado wanawashinda watu wenye vifaa vya bei mbaya. Baadhi ya Waholanzi ninaocheza nao wangepewa hali hiyo kwa wiki moja wangeacha kabisa. Lakini ninaloliomba halihitaji bando wala umeme wa saa 24. Ujumbe mfupi wa kawaida unaandikika hata kwa simu ya kitochi, na mtu anayepiga picha chipsi zake na kuziweka stetasi anayo simu mkononi, ina chaji, na ina mtandao.

Jibu la pili linaniudhi zaidi, kwamba nimejifanya Mzungu na kwamba mambo ya kutoa taarifa ni ya kwao, sisi tuna utu wetu. Hili silikubali hata kidogo. Mama yangu yumo katika VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya mtaani kwetu, na sanduku lao lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, yeye akiwa mmoja wao. Mshika ufunguo mmoja asipofika, sanduku halifunguki, na wanawake wote hukaa mkekani bila kununua hisa wala kukopa. Kuchelewa kuna faini, simu ikilia kikaoni kuna faini, na anayekosa bila kumtuma mtu hujieleza mbele ya wenzake wote. Siku mama alipoamka na homa kali, jambo la kwanza alilolifanya, kabla hata ya kunywa dawa, ni kumtuma mdogo wangu aupeleke ufunguo kwa mwenyekiti. Basi mtu asiniambie kwamba nidhamu hii nimeiokota Ulaya. Ulaya nimeikuta inatumika kwenye mchezo wa kompyuta, nikashangaa kwa nini sisi tuliolelewa na wanawake hao tunaiona haituhusu tukishawasha simu, kana kwamba muda wa mwenzako hauna thamani mpaka uambatane na fedha.

Wala sidai kwamba chama cha huku ni bora kwa kila kitu. Baba yangu alipofariki, niliandika kwamba nimefiwa na sitakuwapo kwa muda. Kiongozi akajibu kwamba ameona, akanitoa kwenye orodha, na niliporudi akanirudisha. Kwa mujibu wa sheria hakukuwa na kosa lolote, lakini hakuna aliyeuliza nimefiwa na nani. Klani ninayoilalamikia hapa ilichanga rambirambi kwa M-Pesa usiku uleule, na vijana wanne ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana walipanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Walilibeba jeneza la baba yangu wakati ndege yangu ikiwa bado Istanbul. Mmoja wao ni huyohuyo wa chipsi mayai. Kwa hiyo anayesema siwathamini watu wangu hajui anachokisema. Ninachouliza ni jambo moja: mtu aliyeacha shughuli zake akasafiri kutwa nzima kwa ajili ya msiba wangu, anashindwaje kuandika mstari mmoja jioni ya mechi?

Viongozi wetu wanahofia kwamba tukiwabana watu wataondoka. Mimi naona wanaoondoka ni wale waliochoka kusubiri. Wale vijana wawili wa akiba wameshahamia klani nyingine, na hakuna aliyewabana.

Nimewapelekea viongozi pendekezo, nao wameahidi kulijadili Ijumaa. Kwa mechi yoyote iliyopangwa, mwenye kukosa aseme kabla ya saa 10 jioni ya siku hiyo, kwenye kundi au kwa ujumbe mfupi wa kawaida, bila kudaiwa sababu. Umeme, mtandao, ugonjwa na msiba visihesabiwe. Atakayekosa kimya mara tatu akae akiba mwezi mzima, awe mkongwe, awe kiongozi, au awe mimi.