Nilimzimia mkwe tochi, sasa mimi ndio fundi wa ukoo mzima

Kosa langu mimi ni tochi. Tochi tu wallahi, sio kitu kingine. Mama mkwe wangu kule Kibokoni, Mombasa, simu yake ilikuwa imewaka tochi siku mbili mfululizo, mchana anaifunika na leso, usiku anaitia ndani ya sufuria na kifuniko juu ndio apate usingizi, na chaji ikawa haifiki adhuhuri. Mimi nimeenda zangu kula biriani ya Ijumaa, nikaishika ile simu, nikashusha kile kipazia cha juu kwa kidole, nikagusa alama ya tochi, ikazima. Sekunde tatu hazikufika. Mama akaniangalia vile mtu anavyomuangalia daktari anayetoka thieta. "Mwanangu, kumbe weye ni fundi wa simu?" Hapo ndipo ningesema hapana mama, mimi ni karani tu. Lakini mdomo ulikuwa umejaa nyama, na kumaliza kutafuna habari ilikuwa ishafika Majengo.

Kazi yangu ni makaratasi ya makontena bandarini, simu nazijua vile tu wewe unavyozijua, yaani ikikwama nazima nawasha, na nikwambie siri, nusu ya kesi ninazoletewa dawa yake ni hiyo hiyo, zima, hesabu mpaka kumi, washa. Lakini huwezi kumwambia mtu mzima aliyepanda feri na tuktuk kukuletea simu kwamba dawa ni kuzima na kuwasha, ataona umemdharau, kwa hivyo siku hizi nakunja uso kwanza, naigeuzageuza, nasema "mmmh", ndio nazima nawasha. Wananishukuru sana.

Basi kila Ijumaa nikifika pale nawekewa sinia mbili, moja ya biriani, moja ya simu. Na ile ya simu ndio huja mwanzo.

Wa kwanza huwa ni mjomba wa Likoni. Ugonjwa wake ni mmoja miaka yote: "Simu imejaa." Imejaa nini mjomba? "Mimi sina kitu humu, labda hewa." Nikafungua WhatsApp, setingi, hifadhi na data, nikaingia pale panapokuonyesha nini kimekula nafasi, maana mle wenyewe wamekupangia, vilivyofowadiwa mara nyingi mbali, vinavyozidi MB 5 mbali. Yallah! Mjomba ana grupu kumi na nne. Ana mawaridi ya Jumaa Mubarak tangu hiyo simu inunuliwe, waridi la kumetameta, waridi na kikombe cha chai, waridi linadondosha tone la umande halafu tone linarudi juu linadondoka tena, ana video ya mtu wa nchi gani sijui anakata tikiti umbo la bata. Jumla GB 9. Na katika kuwatafutia nafasi hayo mawaridi ya watu asiowajua, mjomba alikuwa amefuta picha za mjukuu wake mwenyewe, za akika.

Bahati simu nyingi siku hizi hazitupi hapo hapo. Picha ukiifuta huenda kwenye pipa kwanza, inakaa kama siku 30 ndio inapotea kabisa, na ikiwa mle pipani bado inakula nafasi, ndio unaona watu wanafuta weee wakishangaa mbona simu haipungui. Nikaingia pipani, nikamtoa mjukuu picha moja moja, na kofia yake, meno hana. Mjomba akatokwa na machozi kweli. Nikaona leo niimalize kazi, nikazima ile tabia ya WhatsApp ya kujidaunilodia picha na video yenyewe, kwamba sasa hakiingii kitu mpaka mwenyewe ukiguse. Nikarudi nyumbani najiona mtu.

Ijumaa ya pili mjomba ameninunia, salamu anaitikia nusu. Kisa nini? Picha zinakuja na ukungu. "Umeitia simu yangu mtoto wa jicho." Nikamwambia mjomba gusa tu, inafunguka. Akasema yeye waridi hakuzoea kuligusa, amezoea kulikuta limeshachanua. Keshampa kijana wa duka la vocha hapo jirani shilingi hamsini amrudishie kama zamani. Simu imejaa.

Shemeji naye barua pepe za kazi zikawa hazimfikii, anawalaumu maboss wa watu bure. Nikamwambia, shemeji, Google wamekupa GB 15 za bure, lakini hizo ni za barua, Drive na picha zote kwa pamoja, na sasa hivi sisi wa Android hata bakapu ya WhatsApp inahesabiwa humo humo. Ni nyumba ya Kiswahili ya kupanga, vyumba sita choo kimoja, ukiona barua imesimama uani na ndoo yake ujue kuna video ya harusi imejifungia ndani. Kufungua, kweli, harusi. Ya dada yake, na huyo bwana wameshaachana.

Huyo huyo shemeji ana ugonjwa wa kufagia apu. Kila akimaliza kuishika simu anazisukuma zote juu fyu fyu fyu kama mtu anapara samaki, ati anahifadhi chaji. Nikamwambia mwaka 2016 kuna mteja aliwaandikia Apple kuuliza, nyinyi wenyewe mnazifungafunga apu, na yafaa kwa betri? Akajibiwa na Craig Federighi, mkubwa wa programu wa Apple, hapana na hapana. Simu inajua kuzilaza zenyewe, wewe ukiifunga kila saa ndio unailazimisha ianze upya, na kuanza upya ndio kunakula chaji. Shemeji akafikiria. Akasema, "Huyo hakai Mombasa, hajui joto la huku," akaendelea kupara.

Na mchele jamani, mchele. Jirani simu ilimponyoka akishuka feri pale Likoni, ikaoga maji ya chumvi, kufika nyumbani mkewe ameshaizika kwenye ndoo ya mchele. Apple wameandika mwaka 2024 kwamba simu ikilowa usiitie kwenye mchele, vile vichembe vyake vinaweza kuiharibu, igongegonge pole pole tundu la chaji likiangalia chini, iwekwe penye hewa, na usiitie chaji mpaka ikauke. Na hapo tunazungumzia maji tu, maji ya bahari ni hasimu mwengine kabisa, yale yanabaki na chumvi ndani inaila simu taratibu. Nani wa kunisikiliza? Simu haikuamka. Jumapili tukaitwa pilau kwa huyo jirani, na ndoo naiona pale pembeni iko tupu. Nilikula. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Kompyuta nazo zimo. Mpwa wangu ameenda cyber kuandika CV, saa nzima anachapa, stima zikapotea, na alikuwa hajabonyeza Ctrl na S kuhifadhi kazi hata mara moja. Hivyo vitufe viwili mtu angevizoea kama kupangusa pua, kila baada ya sentensi unabonyeza. Nikaenda naye kumuokolea kama kuna kilichosalia, wakati tunatafuta faili nikafungua folda ya daunilodi ya hiyo kompyuta, subhanallah, vitambulisho vya watu pande zote mbili, vyeti vya ushuru vya KRA, barua ya talaka, CV za mtaa mzima, "CV mpya", "CV mpya kabisa", "CV ya mwisho wallahi". Watu wanachapisha, wanalipa kumi, wanaondoka, hawafuti wala hawatoki kwenye barua pepe zao. Nilizifuta na pipa nikalimwaga. Mwenye cyber akaniuliza kama natafuta kazi.

Lakini kesi iliyonitoa jasho ni ya binamu. Amepata meseji kutoka namba ya mtu anayemjua, samahani nimekutumia kodi, yaani namba ya kuthibitisha, ya tarakimu sita kwa makosa, naomba nirudishie. Binamu mtu wa watu, akairudisha. Kumbe ile kodi ndio ufunguo wa WhatsApp yake mwenyewe. Kabla chai haijapoa akatolewa nje kama mpangaji wa miezi mitatu, na mwizi akaanza kuuzunguka ukoo anaomba elfu tatu mpaka jioni. Hata mimi alinifikia: "Habari za asubuhi kaka, natumai nyote mko salama." Hapo hapo nikajua huyu siye. Binamu miaka arobaini hajawahi kunisalimia kabla ya kuomba. Shangazi yeye akafurahi, akasema Mungu mkubwa, mtoto ameanza kuwa na adabu, akatuma elfu tatu na ya kutolea.

Nikafuta WhatsApp ya binamu, nikaiweka upya kwa namba yake ile ile, kodi mpya ikaja kwenye simu yake, tukaitia, mwizi akarushwa nje. Tena tulikuwa na bahati, angekuwa ameshaweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, ile inayoulizwa baada ya kodi, tungengoja siku saba. Basi nikamwambia sasa tuiweke yetu, tarakimu sita, yoyote unayoijua wewe peke yako. Akafikiria, akaipata, akaitaja kwa sauti mbele ya wanawake wote waliokuja kutoa pole, mara mbili, ati wamkumbushe akisahau.

Haya. Nije kwa mwenyewe, mama. Mama hachapi, anatuma voisi, na voisi zake ni dakika saba. Dakika tatu salamu, anamuulizia kila mtu kwa jina mpaka paka, kisha bei ya nazi Marikiti, kisha nani kafiwa, na zile sekunde kumi za mwisho kabisa ndio ujumbe: "Haya na dawa yangu ya presha usisahau." Ukiruka mwanzo unaogopa usije ukakosa aliyefiwa. Kwa hivyo mimi nilikuwa na siri yangu, ukiisikiliza voisi ya WhatsApp kuna kikaratasi pembeni kimeandikwa 1x, ukikigusa kinakwenda 1.5, ukigusa tena 2, dakika saba zinakuwa tatu na nusu. Kitu hiki kiko tangu 2021 na kimeokoa ndoa yangu.

Ijumaa iliyopita nimefika nakumbuka sijaisikiliza voisi yake ya asubuhi, na nitaulizwa. Nikakaa nje barazani, nikaiweka mbili, nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Ndio nikasikia huko ndani sebuleni, sauti ya mama, inakimbia kama kasuku aliyekunywa kahawa tungu vikombe sita, assalamualaikumhujambomwanangunamamawatotohajambo, kwenye ile spika ya bluetooth niliyomuunganishia mimi mwenyewe mwezi uliopita nikaisahau ndani ya simu yangu. Ukoo mzima uko pale sebuleni. Mama yuko pale sebuleni. Mpaka nije nipate kitufe cha kuzima ishafika bei ya nazi.

Nikaingia kichwa chini. Watu wote wanaangalia mkeka. Mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hini ndiyo sauti yangu?" Ndiyo mama. "Na ndivyo wanisikilizavyo siku zote?" Nikasema ni simu tu mama, imekwama. Akanyoosha mkono na simu yake. "Nionyeshe yafanywavyo."

Nikamuonyesha. Ningefanyaje.

Jana nimemtumia voisi ya dakika nne, nimeipanga vizuri, salamu kamili, nimemuulizia paka, nikaeleza kwa upole kwamba Ijumaa hii sitaweza kuja kwa sababu kuna makontena na mgongo nao hauko sawa. Nikaweka simu mezani nikafungua na saa ya kuhesabu dakika. Dakika mbili na kidogo jibu likaingia. Sekunde tano:

"Njoo. Na uje na chaja, ya mjomba imeungua."