Wengi waliouchukia mkanda wa Touch Bar hawakuwahi kugusa setingi zake

Ukitaja tu Touch Bar, ule mkanda wa kioo wa kugusa uliochukua nafasi ya vitufe vya F juu ya kibodi ya MacBook Pro, laptopu ya Apple, watu wanakuambia takataka ile, afadhali walivyoitoa. Na kweli Apple waliutoa, uliingia 2016, ilipofika 2021 mashine za inchi 14 na 16 zikaja na vitufe vya kawaida, ukabaki kwenye ya inchi 13 hadi 2023 nayo ikaondoka. Lakini hizo laptopu bado ziko mikononi mwa watu kibao, za mtumba zinauzwa kila siku, na anayeipata leo anapewa pole tu. Hapo mkanda unaonewa. Makosa unayo, ila lile kubwa kuliko yote unalirekebisha mwenyewe kwa dakika chache.

Wanaolalamika wana hoja, tusiwabeze. Kitufe cha kawaida kidole kinakipata chenyewe huku macho yako kwenye skrini, mkanda ni kioo kitupu, hauna kingo wala haubonyei, kwa hiyo unainamisha kichwa kutafuta. Esc nayo ilikuwa ya kioo, wanaoshinda kwenye Vim, programu ya kuandikia kodi inayotaka Esc kila mara, waliumia sana mpaka kitufe halisi kiliporudi 2019 kwenye ya inchi 16. Na ukifunga laptopu ukatumia kibodi ya nje, mkanda ndio basi tena, maana Apple hawakuwahi kutoa kibodi ya nje yenye nao.

Sasa angalia hasa kinachokera ni nini. Mkanda ukiuacha ulivyotoka kiwandani unabadilika kila ukihama programu. Uko kwenye kivinjari cha Safari unakuonyesha tabu, ukienda Mail ya barua pepe unakuletea batani za kujibu, ukianza kuandika unakukisia maneno, ukirudi ulikotoka kila kitu kimehama tena. Kidole kinajifunza kwa kurudia palepale, siku baada ya siku, na kitu kisichotulia mahali pamoja hakizoeleki hata ukae nacho miaka, ndio maana unamkuta mtu ana mashine yake zamani tu na bado akitaka kupunguza sauti anaangalia chini kama kaipata jana. Wanasema shida ni kioo, mimi nasema nusu ya shida ni huku kuhamahama, na kuhamahama ni setingi tu.

Ingia System Settings, Keyboard, halafu Touch Bar Settings. Palipoandikwa App Controls weka Expanded Control Strip, mkanda mzima unakuwa batani za mfumo ambazo haziendi popote. Kisha fungua Customize Control Strip, na hapa ndipo panaponifurahisha, ikoni zinajaa kwenye skrini, unaishika moja na kishale unaiburuta kwenda chini, inapita ukingo wa skrini na kutokea kwenye mkanda wenyewe, zilizokuwepo zinatikisika zikiipisha. Toa Siri, ile ya kuamrisha kwa sauti, kama huitumii, maana imekaa juu tu ya Delete na ndiyo inayoguswa bahati mbaya kila saa. Weka ya kupiga picha ya skrini, weka ya kufunga skrini, na badala ya batani za kupunguza na kuongeza sauti weka ile ya kutelezesha, unagusa na kuvuta kidole kwa mwendo mmoja bila kukiinua. Vile vya programu hupotezi, unaweka vitokee ukishikilia kitufe cha fn tu.

Anayetaka zaidi, kuna programu za kuongezea, BetterTouchTool inakuruhusu kuupanga upya kabisa, hiyo ni ya kulipia, MTMR na Pock ni za bure, Pock inaleta Dock yote, ule mstari wa ikoni za programu chini ya skrini, kwenye mkanda. Na kuna HapticKey inayotetemesha trakipadi kila ukigusa, sio sawa na kitufe lakini angalau mkono unajua umebonyeza.

Utaniuliza, kama naufunga usihame si bora vitufe tu? Kwa mtu wa F5 na F10 kutwa nzima, ndiyo, bora vitufe, sibishi. Ila kitufe hakitelezi, na huwezi kukiamulia kiwe nini na kikuonyeshe hivyo kwa picha. Kwenye Final Cut Pro, programu ya kuhariri video, mkanda unaonyesha video yote kwa urefu, unapitisha kidole kufika unapotaka, hicho kitufe gani kitafanya?

Lawama yangu naielekeza kwa Apple. Waliuweka kwenye Pro tu, Air na iMac hazikuupata, na miongozo yao wenyewe iliwakataza watengeneza programu kuweka kwenye mkanda kitu ambacho hakipatikani kwingine. Nani angejisumbua kuutengenezea kitu cha maana? Lenovo walishajaribu safu ya kugusa inayobadilika kwenye laptopu yao ya ThinkPad X1 Carbon ya 2014, toleo la mwaka uliofuata wakarudisha vitufe, kwa hiyo somo lilikuwepo.

Ukiwa unatafuta ya mtumba, chukua ya inchi 16 ya 2019 au ya inchi 13 kuanzia 2020, hizo zina Esc halisi. Kama unayo ya nyuma ya hapo, kwenye Modifier Keys, ndani ya setingi za Keyboard, geuza Caps Lock iwe Esc, haichukui hata dakika.