Askari wa miaka mitatu: Washington na ruzuku yake ya dola milioni 100

Jimbo la Washington, lile la Seattle na si mji mkuu wa Marekani, limeshika mkia kwa miaka mingi katika hesabu moja: askari polisi kwa idadi ya wakazi. Takwimu za chama cha masherifu na wakuu wa polisi wa jimbo hilo zinaonyesha askari wasiofika 1.4 kwa kila watu 1,000, ilhali wastani wa Marekani nzima unapita 2. Bob Ferguson alipogombea ugavana mwaka 2024 aliahidi dola milioni 100 za kuajiri askari. Alipoingia ofisini Januari 2025 aliwaeleza wabunge, wengi wao wa chama chake mwenyewe cha Democrat, kwamba bajeti isiyo na fedha hizo hataitia saini. Mwezi Mei akatia saini HB 2015 (2015 ni namba ya mswada, si mwaka), sheria iliyoanzisha ruzuku hiyo, ambayo mswada wake uliletwa na Debra Entenman, mbunge wa Democrat kutoka Kent, mji ulio karibu na Seattle.

Kwa sisi tuliozoea jeshi moja la polisi chini ya IGP, kwanza tuelewane. Kwetu makao makuu yakiamua askari kumi wahamie wilaya fulani, wanafungasha na kwenda. Washington haina IGP. Miji mingi huajiri polisi wake yenyewe, huwalipa, huwanunulia magari na kuwakatia bima, na mkuu wao anawajibika kwa mji. Sherifu wa kaunti kwa kawaida huchaguliwa kwa kura. Ukiacha polisi wa jimbo, ambao kazi yao kubwa ni barabara kuu, gavana hana askari wa kuwapeleka kwenye miji kama Kent au Yakima. Alichonacho ni fedha, na masharti ya kuzipata.

Miji nayo inazihitaji kweli. Tangu kura ya maoni ya mwaka 2001, mapato ya kodi ya majengo na ardhi ambayo mji unakusanya hayaruhusiwi kuongezeka zaidi ya 1% kwa mwaka, ukiacha yale ya majengo mapya, isipokuwa wapiga kura wenyewe wakikubali. Mishahara na bima za afya hazisubiri hiyo 1%. Kwa hiyo mkuu wa polisi anapolalamika kuwa hana watu, mara nyingi halalamiki bure.

Sasa tuisome ruzuku yenyewe. Inaweza kubeba hadi 75% ya mshahara na marupurupu ya askari mpya, au wa anayehamia kutoka idara nyingine, kwa muda usiozidi miezi 36, na mchango wa jimbo usizidi dola 125,000 kwa nafasi moja. Hiyo 75% ndiyo inayong'aa kwenye hotuba, lakini kinachoamua kweli ni kile kikomo cha dola 125,000. Tuseme askari mmoja anaugharimu mji dola 150,000 kwa mwaka ukijumlisha bima na pensheni, kiasi ambacho si cha ajabu karibu na Seattle. Miaka mitatu ni dola 450,000. Jimbo likitoa 125,000, limebeba chini ya 28%, na mji unabaki na 325,000 zake. Halafu unakuja mwaka wa nne, ambao mji unabeba wote.

Ukigawa milioni 100 kwa 125,000 unapata nafasi 800. Jimbo lina watu kama milioni nane. Kwa hiyo hata senti zote zikienda kwenye mishahara, na kila nafasi ikapata mtu, zinaongezeka moja ya kumi ya askari kwa kila watu 1,000. Mkia bado utakuwa mkia.

Je, hilo linaifanya ruzuku hii kuwa kazi bure? Hapa sikubaliani na wanaopuuza. Marekani imeshalijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1994 Bill Clinton alisaini sheria ya uhalifu iliyoahidi askari 100,000 kupitia mpango wa serikali kuu uitwao COPS, kwa mtindo uleule wa 75% na miaka mitatu. Mwaka 2005 ofisi ya ukaguzi ya Congress ilipiga hesabu ikakuta kati ya 1993 na 2000 uhalifu ulishuka kwa 26%, na fedha za COPS zilichangia kama 5% tu ya mteremko huo. Ni sehemu ndogo, lakini ipo. Baadaye mchumi Steven Mello aliiangalia miji iliyopata ruzuku hizo mwaka 2009, wakati wa mdororo wa uchumi, akakuta uhalifu ulipungua humo kuliko katika miji iliyokosa. Na utafiti wa Aaron Chalfin na wenzake, uliochapishwa 2022 kuhusu miji zaidi ya 240, ulikadiria kwamba kila askari 10 hadi 17 wa ziada huzuia kifo kimoja cha mauaji kwa mwaka, na ukilinganisha kwa idadi ya watu, wanaonusurika zaidi ni Weusi.

Utafiti huohuo una upande wa pili, nao mara nyingi huachwa na wanaounukuu: askari wakiongezeka, kamatakamata ya makosa madogo huongezeka pia, na wanaobebwa zaidi ni haohao Weusi. Jirani yako haendi makaburini, lakini mwanao analala mahabusu kwa kosa ambalo kwingine lingeishia kwenye onyo. Wanaopinga ruzuku hizi hawahitaji kubuni hoja. Wanaikuta ndani ya ushahidi wa wanaoziunga mkono.

Kuna na suala la nani analipa. Ili mji uombe ruzuku, lazima uwe umeshaweka kodi ya mauzo kwa ajili ya usalama, na sheria hiyo hiyo imewapa madiwani ruhusa ya kuongeza 0.1%, yaani senti moja kwa kila dola 10, bila kuwauliza wapiga kura. Republican waliigomea sehemu hii. Mmoja wao, seneta Jeff Holy, aliyewahi kuwa polisi katika mji wa Spokane, alikuwa na mswada wake wa ruzuku ya moja kwa moja. Kodi ya mauzo humuuma zaidi mwenye kipato kidogo, maana karibu chote anachopata huishia dukani. Chakula cha kupika nyumbani kimesamehewa, ndiyo, lakini viatu vya watoto na matairi ya gari havijasamehewa.

Tena senti hiyo haizai sawa kila mahali. Mji wa Tukwila, jirani na Kent, una Southcenter, duka kubwa ambalo nusu ya kaunti huja kununua, kwa hiyo wageni wanaichangia polisi ya Tukwila. Mji wa mashambani wenye kituo cha mafuta na duka la pembejeo, ambao mauzo yake yote yanayotozwa kodi ni dola milioni 50 kwa mwaka, utapata 50,000. Hizo hazilipi hata nusu ya askari mmoja. Kwa hiyo mlango wa ruzuku uko wazi zaidi kwa aliyekwisha kuwa na ufunguo. Nayo Kaunti ya King, yenye Seattle ndani yake, ilipopitisha kodi hii Julai 2025 ilikuwa inaziba pengo la bajeti ili huduma zilizopo zisikatwe. Mkazi aliyetarajia kuona sura mpya mtaani analipia sura zilezile.

Hata fedha zikipatikana, watu wako wapi? Askari mpya anakaa chuoni wiki 19 hivi, kisha anafundishwa kazini chini ya askari mzoefu kabla ya kuachiwa gari peke yake. Ndiyo maana idara zinapenda kuvizia waliokwisha iva kwa jirani. Seattle imefika kutoa dola 50,000 kwa askari mzoefu anayehamia kwake, kama dirisha la usajili la Simba na Yanga. Na kwa kuwa ruzuku hailazimishi nafasi ijazwe na mtu mpya kabisa, jimbo linaweza kulipia askari aliyetoka Yakima kwenda Kent, likaandika "mmoja ameongezeka", na Yakima ikabaki na pengo. Ningekuwa mimi mwandishi wa sheria, hapo ningeweka kufuli.

Linalonifanya nisiitupe sheria hii ni masharti yake. Idara inayoomba lazima itoe taarifa za matumizi ya nguvu, iwe na sehemu ya askari wake waliomaliza mafunzo ya saa 40 ya kukabiliana na mtu aliyechanganyikiwa kiakili, na ifuate sheria ya 2019 inayowazuia polisi wa miji na kaunti kufanya kazi ya maofisa wa uhamiaji. Hilo la mwisho si dogo Kent na Tukwila, wanakoishi Wakongomani, Wasomali na Wakenya wengi, na ambako Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya duka. Mama anayeogopa kwamba simu ya polisi itamfikisha mumewe kwa maofisa wa uhamiaji hapigi 911, namba ya dharura, hata akiibiwa, na askari 800 hawamsaidii kitu. Mwaka 2024 Bunge la jimbo liliruhusu pia waombaji wa upolisi wanaojua lugha zaidi ya moja waongezewe alama. Kijana wa Kikongo wa Kent, mwenye Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, angefaa sana kuwa mmoja wa hao 800.

Akiajiriwa katikati ya 2026, miezi yake 36 itakwisha katikati ya 2029. Muhula wa sasa wa Ferguson unakwisha Januari ya mwaka huo. Atakayekaa na kitabu cha hesabu wakati huo, akitafuta mshahara wa mwaka wa nne, ni baraza la mji wa Kent.