Historia ya akses pointi ifungwe kwenye namba ya seriali

Mifumo mingi ya ufuatiliaji kwa SNMP (itifaki ya kusoma takwimu za vifaa vya mtandao) huisajili kila akses pointi, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, kwa anwani yake ya IP, na kwa maoni yangu makosa huanzia hapo. Umeme ukikatika na DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) ikagawa anwani upya, grafu ya akses pointi ya maktaba inaweza kuendelea kuchorwa kwa takwimu za kantini. Hakuna tahadhari itakayotoka, maana vifaa vyote viwili vinajibu vizuri.

Jina, yaani sysName, nalo halitoshi: fundi akihamisha kifaa analibadilisha, na wakati mwingine vifaa viwili vinabaki na jina moja. Kibaya zaidi ni ifIndex, namba ambayo kifaa hukipa kila kiolesura chake. Kiwango cha RFC 2863 hakiilazimishi ibaki ileile baada ya kifaa kuzimwa na kuwashwa. Kwenye OpenWrt (mfumo endeshi wa ruta) huhitaji hata kuzima. Ukibadilisha mipangilio ya Wi-Fi, kiolesura cha redio kinaweza kufutwa na kuundwa upya kikiwa na namba nyingine. Kwa hiyo soma kwanza ifName, yaani jina la kiolesura (anwani yake katika SNMP ni 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1), katika kila mzunguko, ndipo utafute kaunta zinazolingana nayo.

Chukua kontrola za Cisco za AireOS, vifaa vinavyosimamia akses pointi nyingi kwa pamoja. Jedwali la akses pointi liko 1.3.6.1.4.1.14179.2.2.1.1: safu ya 3 ni jina, ya 6 ni hali (1 ikimaanisha imeunganishwa), ya 17 ni namba ya seriali, na ya 33 ni MAC (anwani ya kudumu ya kifaa) ya Ethaneti, yaani ya upande wa kebo. Kila mstari unatambulishwa kwa MAC iliyoandikwa kwa desimali, hivyo 00:1b:0d:2c:c5:10 itaonekana kama 0.27.13.44.197.16. Angalia sana hapa: hiyo ni MAC ya msingi ya redio, tofauti na ile ya Ethaneti unayoiona kwenye swichi. Ukizichanganya, akses pointi moja inahesabiwa mara mbili. Usichukue BSSID pia (MAC inayotangazwa hewani), kwa sababu kila SSID, yaani jina la mtandao wa Wi-Fi, ina yake.

Halafu kuna uandishi wenyewe. Zana za Net-SNMP, programu za kuuliza vifaa kwa SNMP, huacha sifuri za mbele, zikaandika 0:1b:d:2c:c5:10, wakati swichi inaandika 001b.0d2c.c510. Kabla ya kuhifadhi, igeuze kila MAC iwe tarakimu 12 za heksadesimali, herufi ndogo, bila alama yoyote katikati. Kazi hii ni ya mistari michache ya skripti, na ikirukwa kila ulinganisho unaofuata utakuwa na kasoro.

Ufunguo wa hifadhidata uwe namba ya seriali. MAC iwe daraja la kuifikia, na jina, IP na kontrola viwe maelezo yanayoruhusiwa kubadilika. Kontrola isiingie kwenye ufunguo kabisa: ya kwanza ikianguka, akses pointi zinahamia ya akiba, na mfumo uliotumia jina la kontrola utaziona zote kama vifaa vipya visivyo na historia.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba akses pointi iliyokufa huenda isisome "imezimika". Ikishaondoka kwenye kontrola, mstari wake unatoweka, na swali lako linarudishiwa noSuchInstance, yaani hakuna thamani hiyo. Tahadhari inayosubiri hali ibadilike kutoka 1 haitalia kamwe. Dawa yake ni orodha yako mwenyewe ya seriali zinazotarajiwa, ilinganishwe na jedwali kila baada ya dakika 5. Iliyokosekana mara mbili mfululizo kwenye kontrola zote, ndiyo ya kutolewa tahadhari. Mara moja pekee haitoshi, kwani akses pointi inayopokea fimwea (programu yake ya ndani) mpya nayo hujizima na kuwaka.

Zabbix, programu ya ufuatiliaji, ina mtego wake. Vitu vilivyogunduliwa vyenyewe vikikosekana kwa muda uliowekwa, vinafutwa pamoja na historia yake. Kwa shule inayozima mitambo wakati wa likizo, urefushe muda huo upite likizo ndefu kuliko zote.

Kifaa kikiungua na kuletwa kingine, seriali inabadilika ila mahali panabaki. Usiihariri seriali ya zamani. Weka jedwali la pili lenye mahali, seriali, tarehe ya kufungwa na tarehe ya kuondolewa. Hapo ukiulizwa kama Wi-Fi ya ukumbi ni mbovu au ni kifaa kilichokuwa kibovu, unachora grafu zote mbili, ya mahali na ya kifaa.